Chini ya Bati: Manyoya ya Kondoo na Joto la Lamu

(Maneno haya niliyasema mbele ya mafundi, wenye nyumba na walimu wa madrasa hapa Lamu. Waliokuwa baharini na waliokuwa safarini bara waliomba kuyasoma. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha.)

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mafundi wangu, walimu, akina mama mlioketi upande ule wenye feni, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja. Najua mmesikia kwamba leo kuna mtu atazungumza habari za manyoya ya kondoo, na najua wengine mmekuja kucheka. Chekeni. Sufu Lamu! Mtu huyu alikuwa aende Nyahururu, akapotea njia.

Lakini kabla hamjamaliza kucheka, nina swali. Nani hapa ana chumba cha juu kilichoezekwa bati? Inueni mikono. Naam, karibu nusu ya ukumbi. Sasa, nani kati yenu hulala humo baada ya adhuhuri, mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi umelegea? Mbona mikono imeshuka?

Shangazi yangu alijenga chumba cha namna hiyo kule Wiyoni kwa ajili ya wajukuu. Matofali mazuri, madirisha mawili, rangi ya samawati, bati jipya linalometameta. Kila alasiri wajukuu wanatandika mkeka chini ya mwarobaini wa jirani, na chumba kinakaa na masanduku. Siku moja nilipanda ngazi na kipimajoto. Nilipofungua mlango sikuhitaji kukitazama. Joto lilinipiga utosini kabla halijanipiga usoni, maana lilikuwa linatoka juu. Bati kwenye jua la saa saba linaweza kupita digrii 60, na bati la moto halingoji hewa ilibebe joto lake. Linalirusha moja kwa moja juu ya kichwa chako, kitanda chako na sakafu yako. Feni inazungusha hewa ile ile ya moto. Ukimwambia shangazi anunue kiyoyozi, atakuuliza bili ya stima utamlipia wewe?

Sasa linganisheni na nyumba za kale za Mkomani, mtaa wetu wa mawe. Kuta za matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mkono mzima kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na mara nyingi zaidi ya hapo. Dari ya boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa. Kiwanda, yaani ua ulio wazi katikati ya nyumba, kinachovuta upepo. Mababu zetu hawakuwa na kipimajoto, lakini walijua kwamba ukuta mzito hulimeza joto la mchana taratibu, na usiku ukafika kabla halijapenya ndani. Nyumba hiyo haihitaji sufu. Nasema tena, mafundi wangu, nyumba hiyo haihitaji sufu! Asije mtu kesho akambandikia bibi yetu mablanketi na plastiki ukutani. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unyevu unaingia na kutoka. Ukiuziba, chumvi na maji vitafungika ndani na plasta itang'oka vipande vipande. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na kuta zile ndizo zilizouingiza.

Kwa hiyo leo nazungumza juu ya bati, na bati peke yake. Makuti tunayaacha kwa sababu ya moto, na kwa sababu kila miaka michache unaezeka upya. Dari ya boriti imekuwa ghali, na mikoko yenyewe ina masharti ya kukatwa. Hamjasahau marufuku ya kukata miti ya 2018. Bati limebaki. Limekuja kukaa, tupende tusipende, na mimi binafsi silipendi. Tunakaa nalo vipi?

Hapo ndipo kondoo anapoingia.

Mtu ataniambia, sufu ni ya kuleta joto, na sisi joto tunalo la kuuza. Wavuvi mko hapa? Sanduku lenu la barafu, lile mnaloweka changu na tewa, lina kuta nene zilizojaa povu la plastiki. Je, povu lile linatoa baridi? Halitoi. Linazuia joto la nje lisimfikie samaki. Ukitia chai ya moto katika sanduku lile lile, itabaki moto. Kizuia joto hakijui joto wala baridi, kinachojua ni kuzuia njia. Na sufu inazuia kwa sababu kila unywele wake umejikunja, na katika mikunjo ile hewa inanaswa na kutulia. Hewa iliyotulia ni mpitishaji mbaya sana wa joto. Wataalamu hupima upitishaji huo, na sufu hupata kama 0.035 hadi 0.04 kwa kipimo chao, sawasawa na pamba ya kioo, kizuia joto cha kiwandani kinachouzwa Nairobi na Mombasa. Wakati huo bati ni chuma, ambacho hupitisha joto kuliko sufu mara elfu na zaidi ya hapo.

Wala si jambo jipya. Mliopita Bara Arabu mmeyaona mahema ya Wabedui, yamefumwa kwa nywele za mbuzi, na jua la kule si la kuchezea. Wamongolia nao hufunika mahema yao kwa sufu iliyoshindiliwa. Kiangazi kikifika huinua pindo la chini upepo upite. UNESCO iliutambua ufundi wa mahema hayo mwaka 2013, miaka 12 baada ya kuutambua mji wetu.

Shikeni hilo la kuinua pindo, kwa sababu ndilo litakalowaumiza wengi.

Jamaa mmoja wa huku kwetu aliweka silingi nzuri chini ya bati, na juu ya silingi akaweka kizuia joto kinene. Mchana chumba kilikuwa raha. Akafurahi, akaziba matundu yote ya chini ya paa ili popo wasiingie, akaweka vioo visivyofunguka. Usiku mkewe akamwambia, mume wangu, joto limezidi! Na kweli. Zamani, bati lilipokuwa tupu, lilikuwa jehanamu mchana lakini usiku lilipoa upesi, na joto la chumba likatokea hapo. Sasa njia imezibwa. Joto la watu sita, friji, taa na jiko la chumba cha pili litoke wapi? Kizuia joto kilikuwa kinafanya kazi yake barabara, kinazuia.

Basi mnaona? Sufu bila upepo ni nusu ya kazi. Acheni matundu chini ya paa, mtie wavu mwembamba wa waya kwa ajili ya popo na ndege. Wekeni madirisha yanayofunguka pande mbili, yaelekee kusi na kaskazi kama wazee walivyofanya. Na ukiniuliza nianze wapi, sianzi na chumba cha kulala. Naanza na chumba cha mchana: darasa, duka, zahanati, ofisi, chumba cha mafundi cherehani. Watu wanaingia asubuhi na kutoka alasiri, na jua likiwa kali ndipo wamo ndani.

Nyinyi walimu wa madrasa nina jambo lenu la ziada. Masika. Mvua ya Mei ikianza kulipiga bati, mwalimu anafanya nini? Anafunga kitabu. Watoto arobaini wanatazamana kwa sababu hawasikii hata alifu. Sufu hunyonya sauti. Tabaka la sentimita kumi chini ya bati, na silingi chini yake, linageuza kishindo kuwa mvumo. Mimi, hilo peke yake lingenitosha.

Tuje kwenye unyevu, maana Lamu ni mji wa unyevu kabla haujawa mji wa joto. Mmeamka alfajiri mkakuta tone limedondoka kwenye shuka na hakuna mvua iliyonyesha? Bati hupoa usiku kuliko hewa, kwa kuwa linatazama mbingu tupu, na hewa yetu nzito ikiligusa kwa chini inageuka maji. Watu husema bati limetoka jasho. Pamba ya kioo ikipata jasho hilo inalegea na kushuka. Sufu ina tabia nyingine. Inaweza kuvuta mvuke hadi kiasi cha thuluthi ya uzito wake, na ukiishika bado unaiona kavu, kwa sababu maji yanaingia ndani ya unywele wenyewe. Hewa ikikauka, inayarudisha. Inavuta, inarudisha. Inavuta, inarudisha.

Lakini msinielewe vibaya. Mvuke si maji ya kuvuja. Kama bati lako lina tundu la msumari na maji yanachuruzika, sufu italoa, italala, itanuka kama beberu kwenye mvua, na haitazuia chochote. Ziba tundu kwanza. Na sufu isiguse bati! Acheni nafasi ya sentimita tano hivi kati yao, hewa ipite. Chumvi ya bahari inakula misumari yetu vya kutosha. Ukiongeza kitu chenye unyevu kimegandamana na chuma, unaisaidia chumvi.

Sasa moto. Naomba yule kijana aje na ile ndoo ya maji, na mwenye ukumbi ameniruhusu, msiwe na wasiwasi. Hapa mkononi nina kipande cha sufu, imeoshwa, haijatiwa dawa yoyote. Na hiki ni kiberiti cha gesi cha dukani. Tazameni. Naiwasha... inajikunyata, inarudi nyuma kama inaukimbia mwali. Inafanya weusi. Naondoa kiberiti. Mnaona mwali? Umekufa. Mnasikia harufu? Nywele zimeungua saluni. Hiki kipande cheusi kinavunjika kama mkaa, hakidondoki kikiwaka. Na huku nina kipande cha povu la sanduku la samaki. Hiki siwashi hapa ndani, kwa sababu kinayeyuka na kudondoka kikiwaka, na moshi wake mweusi utatufukuza sote.

Sababu ni nini? Sufu ina naitrojeni nyingi na unyevu ndani yake. Inahitaji digrii kama 570 na zaidi kuanza kuwaka, na ili iendelee inataka oksijeni asilimia 25 hivi. Hewa ya ukumbi huu ina asilimia 21. Kwa hiyo inazimika. Tusidanganyane lakini: pamba ya kioo haiwaki kabisa, na moto mkubwa wa nyumba utaiunguza sufu kama utakavyounguza kila kitu. Ninachosema ni kwamba sufu haiupokei moto kutoka kwa jirani na kuupeleka mbele, na sisi tunaojenga paa likigusana na paa tunajua thamani ya hilo. Wale wa kijiji cha Shela wananielewa.

Adui wa kweli wa sufu ni mdogo kuliko moto. Nondo.

Mama yangu alikuwa na zulia la sufu aliloletewa zawadi, akalihifadhi sandukuni kwa ajili ya harusi ya dada yangu. Siku ya kulitandaza lilikuwa na matundu kama wavu wa kuvulia dagaa. Nondo mwenyewe, yule mdogo wa rangi ya dhahabu, hana kinywa cha kula. Anayekula ni kiluwiluwi wake, kwa sababu anaweza kusaga protini ya nywele ambayo wadudu wengi hawaiwezi. Anapenda giza, utulivu na uchafu wa jasho. Giza na utulivu ndiyo dari yako. Ndiyo maana sufu ya kujengea haitolewi kwa kondoo ikapandishwa darini. Inaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, uchafu na sehemu kubwa ya mafuta itoke. Kisha inatiwa boraksi au asidi ya boriki, ambayo humzuia nondo na kuupunguza moto zaidi. Halafu inachanwa, inatandazwa tabaka kwa tabaka, inachomwa kwa sindano nyingi mpaka inashikamana kuwa godoro jembamba. Boraksi ni chumvi ya madini, lakini si ya kuchezewa: mchanganyie nje, na glavu, mbali na watoto na vyombo vya jikoni. Na panya, ambaye hazuiwi na boraksi kama nondo, anazuiwa kwa wavu wa waya tu.

Faida kwa fundi mtaijua siku ya kwanza. Aliyewahi kulaza pamba ya kioo darini bila kujifunika anajua kujikuna usiku kucha. Sufu unaishika kwa mikono mitupu, unaikata kwa mkasi, kisha unanawa.

Sufu yenyewe itatoka wapi? Wale kondoo mnaowaona Witu na kuelekea Mto Tana, weupe wenye kichwa cheusi, hao wana nywele fupi, hawana sufu. Msiende Witu na mikasi mkatuabisha! Kondoo wa sufu wako nyanda za juu, Molo, Nyandarua, Laikipia, Timau, kwenye baridi. Na kule mfugaji lazima amkate manyoya kila mwaka, apate bei asipate, la sivyo mnyama anateseka kwa joto na nzi wanataga ndani ya manyoya machafu. Nguo za plastiki zimeua soko la sufu nene. Hata Uingereza, mwaka 2020 bei ilianguka hadi kuna wakulima waliochoma sufu yao au kuifanya mbolea, kwa kuwa haikulipa hata ujira wa mkataji. Najua kuna watakaosema kondoo anacheua na kutoa gesi inayochafua hewa. Ni kweli, anatoa. Lakini huyo analelewa kwa nyama, na manyoya yake yatakatwa hata tukiyatupa.

Tupige hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 6 kina mita 18 za mraba juu. Tabaka la sentimita 10 ni mita za ujazo 1.8. Sufu ya kujengea huwa na uzito wa kilo 18 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo unahitaji kama kilo 32 zilizo safi. Sufu chafu ikioshwa hupoteza sehemu kubwa, tuseme asilimia 40, basi ununue kilo 54. Kondoo mmoja akitoa kilo 3 kwa mwaka, ni kondoo 18. Mita 18, kondoo 18! Kila mita moja ya paa lako, kondoo mmoja amenyolewa. Na kilo 32 ni mzigo mwepesi kwa punda mmoja. Taabu yake ni upana wake, na vichochoro vyetu vitambana.

Gharama itakayotuua ni njia. Lori hadi Mokowe, boti hadi hapa, na kabla ya hapo kuoshwa. Sufu ikisafirishwa haijashindiliwa, unalipia kusafirisha hewa. Ndiyo maana sitaki mtu mmoja aagize peke yake. Watu watano, kumi, waungane. Kuoshwa kufanyike huko huko bara, mzigo uje umeshindiliwa kwenye magunia, na kutiwa boraksi na kuchanwa kufanyike hapa. Mikono ya kuchana tunayo. Akina mama wanaosokota makumbi wana vidole vyenye elimu kuliko mashine yangu.

Mzee mmoja ameniuliza nje kabla sijaingia: kwa nini usitumie makumbi yenyewe, nazi zimejaa? Swali zuri. Makumbi nayo hunasa hewa, na hayaogopi maji ya chumvi. Yanashika moto upesi kuliko sufu, na hilo linanitia hofu juu ya vichwa vya watoto. Lakini yako hapa hapa, hayapandi lori. Nataka yajaribiwe pia.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Natafuta madrasa yenye madarasa matatu yaliyo sawa, bati lile lile, madirisha yale yale, yanayolitazama jua kwa namna moja. Moja tulitie sufu, moja tulitie makumbi yaliyotiwa boraksi, moja tuliache kama lilivyo. Kila darasa kipimajoto kimoja kwenye kimo cha kichwa cha mtoto aliyeketi, na wanafunzi wenyewe waandike joto asubuhi, adhuhuri na alasiri, tangu kaskazi hadi mwisho wa masika. Tukiona tofauti ni ndogo, tutaacha, na pesa zetu zitakwenda kwenye rangi nyeupe ya bati, ambayo, nawaambia bila kuficha, ni rahisi kuliko yote haya na ifanywe kwanza kwa vyovyote vile. Rangi nyeupe inalirudisha jua kabla halijaingia. Sufu inakishughulikia kilichobaki.

Sampuli ziko pale mezani, zishikeni, zivuteni, zimwagieni maji. Ile yenye utepe mwekundu ndiyo iliyotiwa dawa, ishikeni hiyo kisha mnawe kabla ya kahawa. Mwenye madarasa matatu anione kabla hajaondoka.

Sasa maswali, na naanza na mzee wangu pale nyuma, ambaye ameinua bakora tangu niliposema panya.